Kichomi Hakiletwi na Baridi Peke Yake

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ukungu huteremka kutoka Mlima Kenya ukafunika mashamba ya chai ya Githongo, katika Meru, na pengine jua halionekani mpaka adhuhuri. Watoto wengi hukohoa wakati huo. Kwa hiyo watu wa huko, kama watu wa nchi nyingi za baridi, husema kwamba kichomi, yaani nimonia, huletwa na baridi.

Maneno hayo yana ukweli kidogo, wala si ya kuchekwa. Lakini mama akiyashika hayo tu, atamfunika mwanawe mablanketi mawili, atafunga dirisha, atakoka moto, kisha atadhani kwamba amekwisha kumlinda.

Kichomi huletwa na vijidudu, na ajabu ni kwamba vingi katika hivyo hukaa siku zote puani na kooni mwa watoto wazima wasio na ugonjwa wowote. Basi, mbona hawaugui kila siku?

Sababu ni kwamba njia ya pumzi ina walinzi. Nywele za pua huzuia vumbi, na pua yenyewe huipasha hewa moto na kuitia unyevu kabla haijashuka. Mbele zaidi, njia yote imepakwa ute unaonata, na vijidudu hunaswa humo. Chini ya ute huo pana vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga pamoja, kiasi cha mara kumi au zaidi kwa sekunde moja, vikiusukuma ute na uchafu wake juu mpaka kooni, nasi tukaumeza au kuutema. Mwandishi ametafuta jina moja la Kiswahili la vinyweleo hivi asipate la kumridhisha. Lakini aliyepata kuona shamba la ngano kule Timau likipigwa na upepo amekwisha kuona namna vinavyokwenda. Kikohozi nacho ni mlinzi, ingawa twakichukia.

Vijidudu vikipita hao wote hufika katika vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu. Huko kuna chembe za ulinzi ambazo huvimeza. Zikizidiwa huita chembe nyeupe za damu zije kwa wingi, na katika vita hivyo vifuko hujaa maji na usaha mahali pa hewa. Hicho ndicho kichomi, na ndiyo maana mgonjwa huhema upesi: sehemu ya mapafu yake haina nafasi tena ya kupokea hewa.

Sasa turudi kwenye baridi. Hewa ya baridi hupunguza nguvu za pua kidogo. Lakini kubwa zaidi ni kwamba hutukusanya sote ndani ya nyumba iliyofungwa, mmoja akimkoholea mwenzake, karibu na mafiga. Moshi wa kuni huviharibu vile vinyweleo visifanye kazi yao, na mtoto aliye mgongoni mwa mama apikaye huvuta moshi ule ule anaouvuta mama. Surua, utapiamlo na kukosa maziwa ya mama hudhoofisha walinzi vivyo hivyo. Hata hivyo isidhaniwe kwamba jiko jipya linatosha. Huko Malawi familia nyingi zilipewa majiko yenye moshi kidogo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kichomi cha watoto hakikupungua, labda kwa sababu moshi mwingine ulibaki.

Jambo lililoonyesha faida wazi ni chanjo, ambayo huwafundisha walinzi kumjua adui kabla hajaja. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya pneumokoka, kijidudu kikubwa cha kichomi, mwaka 2011. Sindano hutolewa katika majuma ya 6, ya 10 na ya 14. Huko Kilifi, ambako waganga walihesabu wagonjwa kwa miaka mingi, maradhi makali ya aina za kijidudu hicho zilizomo katika chanjo yalipungua kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Jina la kichomi latokana na kuchoma, kwa sababu mtu mzima huhisi mchomo ubavuni. Mtoto mchanga hawezi kusema hayo. Pumzi yake ndiyo isemayo. Atulie, asiwe analia, kisha kifua chake kihesabiwe kwa dakika moja kamili kwa saa au kwa simu. Aliye chini ya miezi miwili akihema mara 60 au zaidi, aliye na miezi miwili mpaka kumi na moja mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja mpaka mitano mara 40 au zaidi, na apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Kichomi cha kawaida hutibiwa kwa vidonge vya amoksisilini, navyo vimalizwe vyote hata kama mtoto ameanza kucheza. Lakini akivuta pumzi na sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani, au akishindwa kunyonya, au midomo ikageuka rangi ya samawati, huenda akahitaji sindano na hewa ya oksijeni, na hapo asingojewe mpaka asubuhi.