Tukuyu, mji wa baridi uliopanda kutoka ziwani

UKIFIKA Lyulilo wilayani Kyela siku ya Jumamosi asubuhi, kitu cha kwanza utakachokiona ni vyungu. Vimepangwa juu ya mchanga wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, vikubwa kwa vidogo. Vimeletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, mahali ambapo ardhi tambarare ya kulima ni haba. Kwa vizazi vingi akina mama wa huko wamekuwa wakifinyanga vyungu na kuvibadilisha na Wanyakyusa wa bondeni kwa nafaka na ndizi. Siku hizi wachuuzi huja na fedha taslimu, hununua, hupakia kwenye magari na kupanda navyo Tukuyu na Mbeya.

Safari hiyo ya kutoka joto la ziwani kwenda kwenye baridi ya milimani ina historia yake. Mji wa Tukuyu wenyewe, makao ya Wilaya ya Rungwe, ulianzia huku chini.

Mwaka 1893 Wajerumani waliiteremsha majini meli yao ya Hermann von Wissmann, iliyokuwa imeletwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire. Kituo chao cha utawala kilikuwa ufukweni, upande wa kaskazini-mashariki ya ziwa, chini ya milima. Walikiita Langenburg, jina la ukoo wa mtawala wa kwao aliyekuwa mkuu wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Mahali hapo palifaa kwa meli lakini si kwa afya, kwa sababu ya joto na malaria. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 makao yalihamishiwa milimani, kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, yaani zaidi ya meta 1,000 juu ya ziwa. Mji huo mpya ukaitwa Neu Langenburg, Langenburg Mpya. Ndio Tukuyu ya leo.

Hawakuwa wageni wa kwanza kuipenda hali ya hewa ya huko. Wamisionari wa Moravian walikwishajenga Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka huo huo. Ile meli nayo haikudumu chini ya bendera ya Ujerumani. Agosti 1914 Waingereza waliivamia kwa meli yao Gwendolen ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo (msomaji asichanganye Liuli na Lyulilo, Liuli iko mbali kusini, mkoani Ruvuma). Mwaka 1916 waliutwaa na mji, na jina la Kijerumani likafifia.

Kilichobaki ni hali ya hewa, na ndiyo inayowalisha wakazi wengi hadi leo. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, kiwango ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazikifikii hata nusu. Kutokana na mvua hiyo na udongo wa volkano, Rungwe inalima chai, ndizi, viazi, kahawa na parachichi, na kufuga ng'ombe wa maziwa. Ukishuka Kyela, kwenye joto, unakuta mpunga, kakao na michikichi. Si rahisi kupata mahali pengine nchini ambapo lori moja linaweza kupakia chai asubuhi na kakao mchana.

Mgeni anayepanda Tukuyu ana mengi ya kuona. Yupo Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu meta 2,960, na kuelekea Mbeya kuna Ziwa Ngozi, lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani na ambalo hufikiwa kwa miguu kupitia msitu. Kwenye Mto Kiwira kuna Daraja la Mungu, tao la mwamba lililotokana na volkano na ambalo mto unapita chini yake. Yapo pia maporomoko ya Kaporogwe, yenye pango nyuma ya maji. Mwezi Juni na Julai ubaridi ni mkali kiasi kwamba mtu aliyetoka Kyela na shati moja hujuta.

Ziwa Masoko ndilo linalomhusu zaidi mfanyabiashara wa Lyulilo. Ni ziwa dogo la volkano, na kando yake Wajerumani walijenga kituo cha jeshi ambacho majengo yake ya mawe yangali yamesimama. Liko kwenye barabara ya zamani inayotoka Tukuyu kuteremka Ipinda, na kutoka Ipinda mtu huendelea hadi Matema na Lyulilo. Kwa maneno mengine, vivutio vya mlimani na ufukwe wa ziwa viko kwenye njia moja. Hata hivyo, biashara ya utalii imeachwa ikate vipande viwili. Wengi wa wanaokwenda Ngozi hurudi kulala Mbeya, na wanaokuja kuogelea Matema hupita Tukuyu bila hata kununua mkungu wa ndizi.

Anayepoteza hapo ni mzalishaji mdogo. Mgeni anayelala usiku mmoja hula wali wa Kyela na samaki aina ya mbasa, hunywa chai yenye maziwa ya Rungwe na hulipa mtu wa kumwongoza njia. Anayepita tu huacha vumbi, au siku hizi moshi, kwani barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema imewekwa lami.

Kwa upande wa vyungu, tatizo kubwa ni kuvunjika. Tuchukue mfano wa hesabu, si bei za soko. Mchuuzi ananunua vyungu 50 kwa Sh 4,000 kila kimoja, jumla Sh 200,000. Usafiri na upakiaji Sh 60,000. Akivifikisha vyote na kuuza kwa Sh 7,000, anapata faida ya Sh 90,000. Vikivunjika 10 tu njiani, faida inabaki Sh 20,000, na hapo hajahesabu chakula chake wala siku aliyoipoteza. Mchuuzi wa namna hiyo akirudi Lyulilo Jumamosi inayofuata, hasara yake ataishusha kwa mama wa Ikombe kwa kumkata bei.

Majani makavu ya migomba na mabua ya mpunga, ambayo huku hayana bei, yanatosha kuvifunga vyungu kimoja kimoja. Inashangaza kuona lori likipanda mlima na vyungu vikigongana wakati mabua yanachomwa moto shambani. Aidha, chungu kikubwa cha kupikia kinazidi kushindana na sufuria na ndoo za plastiki, lakini kile kidogo kinachoingia kwenye begi la mgeni hakina mshindani. Hicho ndicho kingefaa kuuzwa Masoko, kwenye njia ya Ngozi na katika nyumba za wageni za Tukuyu, pamoja na pakiti za kilo moja moja za chai, mchele na kakao.

Wafinyanzi na wachuuzi wangeweza kulianza hilo kwa kikundi cha watu kumi, kwa kugawana nauli na kumpa mmoja wao jukumu la kukaa juu na kuuza. Msimu unaofaa ni Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimepungua, ingawa katikati ya mwaka upepo wa kusini huchafua ziwa na mitumbwi ya Ikombe huchelewa au haiji kabisa. Anayetegemea soko la Jumamosi peke yake huwa hana mzigo wiki hizo, wakati wageni ndipo wanapokuwa wengi. Kuweka akiba ya vyungu Lyulilo mwezi Mei, kabla ziwa halijachafuka, kungehitaji banda tu lenye paa zuri.

Ikifika alasiri ufukwe huanza kuwa mtupu. Mitumbwi huelekezwa tena Ikombe ikiwa imebeba mahindi, ndizi, chumvi na sabuni.