Jino la kupandikiza: Kazi kubwa huanza baada ya upasuaji

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MKAZI wa Tabora anayehitaji kupandikizwa jino mara nyingi hulazimika kusafiri hadi miji mikubwa kama Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 800. Upasuaji wenyewe huweza kumalizika kwa saa moja au mbili, lakini kufaulu kwake huamuliwa baadaye, nyumbani, mbali na daktari aliyeufanya.

Katika tiba hiyo, skrubu ndogo ya madini ya titani hupachikwa ndani ya mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino lililopotea. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, baada ya kubaini kuwa mfupa hushikamana na titani.

Kushikamana huko huchukua kati ya miezi 3 na 6. Misafara ya karne ya 19 nayo ilitumia takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kabla ya kuendelea Ujiji. Leo safari ni ya saa chache, lakini mfupa hauharakishwi.

Saa 24 za kwanza ni za kulinda bonge la damu linalofunika kidonda. Mgonjwa hapaswi kusukutua kwa nguvu, kutematema mate wala kunywa kwa mrija. Chai na uji wa moto huepukwa, hasa ganzi ikiwa haijaisha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, ikiwekwa shavuni kwa dakika 15 hadi 20 kisha kuondolewa, hupunguza uvimbe. Ni busara kumwuliza daktari siku inayofaa kuanza safari ya kurudi.

Baada ya hapo, kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo husaidia, hasa baada ya kula. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida, ila mswaki, uwe wa dukani au wa mti, usiguse kidonda mpaka daktari aruhusu. Uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu na viazi vya kupondwa vinafaa. Mahindi ya kuchoma na karanga visubiri. Dawa zilizoandikwa zimalizwe, hata maumivu yakiisha.

Katika mkoa huu unaolima tumbaku kwa wingi, onyo la sigara lina uzito wa pekee. Nikotini hubana mishipa ya damu, hivyo kidonda huchelewa kupona na kipandikizi huweza kushindwa kushika. Ugoro nao uachwe. Mwenye kisukari anatakiwa kudhibiti sukari yake kikamilifu.

Uvimbe huwa mkubwa zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Ukizidi kuongezeka, au zikitokea homa, usaha, damu isiyokatika, ganzi isiyoisha au kipandikizi kucheza, mgonjwa asingoje tarehe ya kurudi Dar es Salaam. Aende kwanza kwa daktari wa meno aliye karibu, kama vile katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka kliniki, aombe nakala ya picha ya eksirei na maelezo ya aina ya kipandikizi alichowekewa. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwongoza daktari atakayempokea nyumbani.