Asilimia ya Elimu Ikimfikia Mwanafunzi

Mei 2015, nchi zilizokutana Incheon, Korea Kusini, zilikubaliana kwamba serikali itenge kwa elimu asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi yake yote. Tanzania iko kwenye asilimia 3 na ushee. Japani nayo iko papo hapo.

Ukiishia hapo utadhani nchi hizi mbili zinabeba mzigo mmoja. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa karibu watu 43 katika kila 100 Tanzania wana umri chini ya miaka 15. Japani ni kama 12 tu. Kwa hiyo Tanzania asilimia ileile, ya pato dogo mno kwa kichwa, inagawanywa kwa watoto ambao, katika kila watu 100, ni zaidi ya mara tatu ya wale wa Japani. Ndiyo maana kila nikisikia kiwango cha elimu kikitajwa kwa asilimia peke yake, nauliza: kwa watoto wangapi?

Pato lenyewe nalo husogea. Septemba 2014 Kenya ilipopanga upya takwimu zake, pato la 2013 liliongezeka kwa asilimia 25.3. Fungu la elimu likapungua kwenye karatasi, na hakuna shule iliyopunguziwa hata kipande cha chaki.

Tushuke sasa hadi darasani. Tanzania ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, ada ya shule za msingi ikiwa imefutwa, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Dola wakati huo haikufika shilingi 1,000, kwa hiyo ikaandikwa shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, dola ilikuwa imekaribia shilingi 2,200, na ruzuku ilikuwa bado shilingi 10,000. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaenda shuleni.

Chukua shule ya wanafunzi 600. Inapata shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Humo mwalimu mkuu atoe chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya madawati na vitasa, vifaa vya michezo na gharama za ofisi. Ukigawa kwa siku 194 za masomo, kila mtoto ana shilingi 31 kwa siku, na andazi la mapumziko halipatikani kwa bei hiyo. Pengo linajazwa na michango: kamati ya shule inaitisha kikao, wazazi wanaambiwa mlinzi hajalipwa. Fedha hizo za wazazi hazimo kabisa kwenye ile asilimia 3, kwa kuwa inahesabu matumizi ya serikali tu.

Kuirudishia ruzuku thamani yake kungegharimu nini? Mwaka 2022 pato la taifa lilikuwa takribani shilingi trilioni 170, na wanafunzi wa msingi kama milioni 11. Ruzuku yao yote, kwa shilingi 10,000 kila mmoja, ni bilioni 110: katika kila shilingi 100 ya pato, senti sita na nusu. Sehemu kubwa ya fedha za elimu ni mishahara ya walimu, na hiyo haikwepeki. Lakini dola 10 kwa bei ya mwaka huo wa 2022 ni shilingi 23,000, na nyongeza ya 13,000 kwa kila mtoto inafika bilioni 143. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya asilimia moja ya pato. Kwenye bajeti ya 2022/23 ya trilioni 41.48, ni kama shilingi moja katika kila 290.

Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, kila darasa milioni 20, jumla bilioni 300. Nyongeza ninayoisema ni chini ya nusu ya hapo, ila hii ingelazimu kulipwa kila mwaka, na kukokotolewa upya kila shilingi inaposhuka.