Je, Wajua? Kuanza Kuogelea Ukubwani

Wengi wanaojifunza kuogelea wakiwa watu wazima huishiwa pumzi kabla ya kufika ng'ambo ya bwawa, wakadhani umri umewatupa mkono. Umri hauna kosa. Je, wajua kwamba…

• Maji yana uzito wa takriban mara 800 ya hewa ya ujazo uleule? Ndiyo maana hata mkimbiaji hodari huweza kuhema baada ya mita 25 tu.

• Kinachokukaba mapema majini kwa kawaida si kukosa oksijeni, bali kaboni dayoksaidi iliyojaa mwilini? Usizuie pumzi. Itoe polepole uso ukiwa majini, ili ukigeuka ubakiwe na kazi moja tu: kuvuta.

• Ukiinua kichwa, miguu huzama? Kifua huelea kwa sababu ya hewa ya mapafuni. Miguu haina msaada huo. Tazama sakafu ya bwawa, si ukuta wa mbele.

• Katika mtindo huru, mikono ndiyo inayokusogeza zaidi? Miguu ina misuli mikubwa inayokula oksijeni nyingi. Ukitaka kufika mbali, piga mateke madogo yanayoanzia nyongani.

• Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani wa maji huongezeka karibu mara nne? Kwa anayeanza, mwili ulionyooka hulipa kuliko nguvu. Hesabu mikono unayopiga kutoka ukuta hadi ukuta. Idadi ikipungua na muda ukabaki uleule, unaendelea vizuri.

• Stamina hujengwa kwa vipande vifupi? Ogelea mita 25 mara nane, ukipumzika nusu dakika kila baada ya kipande. Ukizoea, punguza mapumziko, kisha nenda mita 50. Siku tatu za wastani kwa wiki zinajenga kuliko siku moja ya kujiumiza.

• Maji ya bahari hukubeba vizuri kuliko ya bwawa? Chumvi huyaongezea uzito kwa karibu asilimia 2.5. Huko Nungwi, Unguja, wanawake na wasichana wa Mradi wa Panje wamejifunza kuelea baharini wakiwa na mavazi ya stara, wakishikilia madumu matupu.

• Mtindo wa kifua ndio wa polepole kuliko yote ya mashindano, lakini ndio uliomvusha Matthew Webb kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwaka 1875? Alikaa majini karibu saa 22.

• Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alianza kujifunza kuogelea mwaka uleule aliokwenda Olimpiki ya Sydney, 2000, akiwa na miaka 22? Hakuwa amewahi kuona bwawa la mita 50. Wapinzani wake wawili waliondolewa kwa kuanza mapema, akaogelea peke yake mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Mwaka 2012 akawa kocha wa timu ya taifa lake.

• Kuhema kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili ukae chini muda mrefu kunaweza kukuzimisha fahamu bila dalili yoyote? Kifo cha namna hiyo huwapata hata waogeleaji mahiri. Usijaribu kamwe, na usiingie majini bila mtu wa kukuangalia.