Kufundisha Falaki na Kazi Zitokanazo Nayo

Mtoto akimwuliza mwalimu wake, "Je, mtu aweza kupata kazi kwa kujifunza habari za nyota?" mwalimu asicheke, wala asijibu kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Jibu la namna hiyo laweza kumfungia mtoto mlango, naye asibishe hodi tena. Makusudi ya makala hii ni kumsaidia mwalimu mwanafunzi ajue jibu lililo sahihi na njia ya kulifikisha darasani.

Kwanza, mwalimu abainishe maneno. Neno "unajimu" hutumika pia kwa utabiri wa bahati za watu. Falaki tunayoizungumzia hapa haitabiri bahati: hupima, huhesabu na kuhakikisha.

Utafiti wa siku hizi

Katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, ilizinduliwa mwaka 2018 darubini iitwayo MeerKAT. Darubini hii haina lenzi ya kuchungulia. Ina madishi 64, kila moja lenye kipenyo cha meta 13.5, yanayopokea mawimbi ya redio kutoka angani. Kompyuta huyaunganisha mawimbi hayo, na madishi yote yakafanya kazi kama chombo kimoja kikubwa. Kwa njia hiyo, mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba wameona mapovu mawili makubwa mno ya mawimbi ya redio, moja kila upande wa kitovu cha galaksi yetu.

Huko Kuntunse, Ghana, dishi la meta 32 lililokuwa likitumika kwa mawasiliano ya simu kupitia setilaiti liligeuzwa kuwa darubini, nalo likazinduliwa mwaka 2017. Kenya nayo ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazoshirikiana katika mpango mkubwa zaidi wa darubini za redio, uitwao SKA.

Njia ya kuiendea kazi

Mwanafunzi apendaye falaki hana budi kushika sana hisabati na fizikia, kisha asome masomo hayo katika chuo kikuu na kuendelea na shahada za juu. Mwalimu aseme kweli: nafasi za utafiti ni chache. Hata hivyo, ujuzi haupotei. Aliyezoea kuchambua tarakimu nyingi kwa kompyuta aweza kufanya kazi katika utabiri wa hali ya hewa, picha za setilaiti, mabenki, au ualimu. Zaidi ya hayo, darubini yenyewe yahitaji mafundi wa umeme, mitambo na kompyuta.

Hatua za somo

1. Mwezi ukiandama, kila mwanafunzi aanze daftari la mwezi. Kwa siku 14, saa ile ile ya magharibi, achore umbo la mwezi na mahali ulipo.

2. Anyooshe mkono, akunje ngumi, apime mwezi uko ngumi ngapi juu ya upeo wa macho upande wa magharibi. Ngumi moja ni kama digrii 10.

3. Baada ya siku tano, mwalimu aulize: "Kesho mwezi utakuwa wapi?" Asitoe jibu. Wanafunzi waandike makisio yao, kisha wayahakikishe jioni inayofuata. Watagundua wenyewe kwamba mwezi husogea kuelekea mashariki kwa zaidi kidogo ya ngumi moja kila siku.

4. Siku ya mawingu, waandike "mawingu".

Hatua hii ya nne isidharauliwe. Mwanafunzi aliyeandika "mawingu" astahili sifa kuliko aliyechora mwezi asiouona ili daftari lake lijae. Mtaalamu wa Karoo naye huandika alichopima, wala si alichotamani kukipata. Basi yule mtoto akiuliza tena kama iko kazi ya nyota, mwalimu aweza kumwonyesha daftari lake na kumwambia, "Iko, nawe umekwisha kuianza."