Pamba, Masurufu na Bento: Istilahi za Chakula cha Njiani na Adabu Zake

Katika kazi ya kusanifisha istilahi, maneno ya chakula aghalabu huachwa nyuma. Huonekana madogo mbele ya istilahi za sheria, fizikia au uhasibu. Lakini ni maneno hayo madogo yawezayo kumfanya mgeni adhaniwe mchoyo, na mwenyeji adhaniwe hana adabu. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zihusuzo bento, yaani chakula cha Kijapani kipangwacho ndani ya kikasha ili kiliwe mbali na jikoni, pamoja na adabu za kukila. Tumeanzia Karatu na Ngorongoro kwa sababu huko haja ya istilahi hizi ni dhahiri.

Barabara ya lami itokayo Makuyuni na kupitia Karatu hadi lango la Ngorongoro ilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hiyo ndiyo njia ya watalii wa mataifa mengi, Wajapani miongoni mwao. Wengi huondoka Karatu alfajiri, chakula chao cha mchana kikiwa kimekwisha kufungwa. Sakafu ya kasoko, yenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 260, iko chini ya ukingo kwa mita 600 hivi, na huko hakuna mkahawa. Tena abiria huruhusiwa kushuka garini mahali maalumu tu, kama vile Ngoitokitok, penye bwawa la viboko. Hata hapo mwewe hushuka ghafula na kunyakua chakula mikononi mwa watu, kwa hiyo wengi huona heri kula garini. Basi dereva, mwongoza watalii na wageni hujikuta wanakula pamoja, magoti kwa magoti, kila mmoja na mila zake.

Waongoza watalii hukiita chakula hicho «lanchi boksi». Hatuna sababu ya kuwalaumu, kwani ni lugha ya kazi na wao huelewana. Hata hivyo, mtafsiri wa kitabu cha mafunzo au mwandishi wa kibao cha maelekezo hana budi kujiuliza kama Kiswahili hakikuwa na neno. Neno lipo, tena si moja.

La kwanza ni *pamba*, lenye maana ya chakula anachokichukua msafiri ili ale njiani. Ni neno zuri na fupi, ila lina mwenzake mwenye nguvu zaidi, yaani zao la pamba. Mtu akisoma kwamba abiria amebeba pamba, atafikiri habari za shamba. La pili ni *masurufu*, ambalo nalo lilikuwa na maana ya chakula na matumizi ya safari. Lakini katika uhasibu wa serikali neno hili limekwisha kupewa kazi nyingine: ni fedha apewazo mtumishi kwa shughuli maalumu, ambazo sharti azitolee hesabu. Mtumishi akiandikiwa kwamba «amepokea masurufu», akaelewa kwamba amepewa chakula, siku ya marejesho atakuwa mashakani. Istilahi moja haifai kubeba mizigo miwili katika ofisi moja.

Kwa hiyo tunapendekeza *pamba ya njiani* kwa kila chakula kilichoandaliwa kwa safari, kiwe cha Karatu au cha kwingineko, na neno *masurufu* liachiwe wahasibu. Neno *bento* litumike kwa chakula cha Kijapani peke yake. Halina ugumu wa matamshi, na linaingia vizuri katika ngeli ya I-/ZI-: bento hii, bento hizi. Wajapani wenyewe huelezwa kuwa walilikopa neno hilo kutoka Kichina, hivyo kukopa kwetu si jambo la aibu.

Istilahi nyingine tunazopendekeza ni hizi zifuatazo:

(a) *Kikasha*, kwa chombo chenyewe. *Mkebe* humaanisha chombo cha bati, na *kijaluba* kimezoeleka kwa tambuu, ilhali kikasha cha bento huweza kuwa cha mti, cha madini au cha plastiki.

(b) *Kitoweo*, kwa vile viliwavyo pamoja na wali, ambavyo Wajapani huviita *okazu*. Samaki, yai, nyama na mboga za majani vyote huingia humo, kama ilivyo kwetu.

(c) *Wali*. Hapa Kiswahili na Kijapani hukutana kwa namna ya kupendeza. Sisi husema mpunga, mchele na wali. Wao husema *ine*, *kome* na *gohan*. Kiingereza kina neno moja kwa yote matatu, na mtafsiri apitiaye Kiingereza huweza kupoteza tofauti ambayo lugha zote mbili zinayo.

(d) *Vijiti vya kulia chakula*. Yafaa kuandika istilahi nzima, kwani «vijiti vya kulia» huweza kufahamika kuwa ni vijiti vya upande wa kulia.

(e) *Kitambaa cha kufungia*, kwa kile kiitwacho *furoshiki*. Wako watakaovutwa na mfanano wa neno hili na *furushi* letu. Tunawatahadharisha: neno la Kijapani limeundwa kwa maneno mawili yenye maana ya bafu na kutandika. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja.

Sasa tuje kwenye adabu. Kabla ya kula, Mjapani husema *itadakimasu*, maana yake «napokea kwa unyenyekevu». Tafsiri ya «karibuni» haifai hata kidogo, maana *karibu* ni neno la kumwalika mwingine, na lile ni neno la shukrani la mlaji mwenyewe. Akimaliza husema *gochisosama*, ambalo twaweza kulitafsiri «ahsante kwa chakula».

Katika jambo hili ndimo yalimo makosa makubwa. Kwetu, mtu anayekula huku wenzake wakimtazama bila ya kuwaambia «karibu» huhesabiwa mchoyo. Lakini bento ni fungu la mtu mmoja, lililopimwa na kupangwa kwa ajili yake. Mgeni anyamazaye na kikasha chake hajamnyima mtu. Vivyo hivyo, mwenyeji aliyelelewa kwenye sinia asinyooshe mkono katika kikasha cha jirani kwa kudhani kuwa ni ukarimu. Marafiki wakitaka kuonjana vitoweo, kipande huwekwa juu ya kifuniko au kisahani, kisha mwenziwe hukichukua.

Hakipokezwi kutoka vijiti hadi vijiti, kwa sababu ndivyo jamaa wafanyavyo na mifupa ya maiti baada ya kuchomwa. Wala vijiti havichomekwi wima katika wali, kwani wali wa namna hiyo ndio awekewao marehemu. Mtafsiri akiandika makatazo haya bila ya sababu zake, yatasomwa kama masharti ya ajabu. Akizitaja sababu, msomaji wa Karatu atafahamu mara moja, kama afahamuvyo kwa nini hakabidhi kitu kwa mkono wa kushoto.

Mlo ukiisha, kifuniko hurudishwa, kitambaa hufungwa, na kikasha hurejea nyumbani kuoshwa. Desturi hii yafaa kusisitizwa kwa wasafiri wote wa Ngorongoro, ambako takataka iliyoachwa nyasini huishia katika tumbo la mnyama. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na chombo kirudicho nyumbani kinapatana na katazo hilo.

Haya ni mapendekezo. Watafsiri, walimu na watumishi wa serikali watayapima katika kazi zao, na palipo na neno bora zaidi, hasa kutoka kwa madereva na wapishi wa Karatu ambao hufunga na kufungua chakula hicho kila siku, tutafurahi kulipokea. Istilahi hukubalika inapotumiwa na wenye kazi yao.