Vita Havina Sababu Moja

Mwanafunzi mmoja wa Kitengela aliniuliza swali ambalo aghalabu walimu hulikwepa: je, majeshi ya Waislamu wa karne ya 7 yalitoka Arabuni kwa ajili ya dini au mali? Nilimjibu kwa kumrejesha kwao, Kajiado.

Twafunzwa kwamba laibon Mbatian alipofariki mwaka 1890, wanawe Lenana na Sendeyo walipigania urithi wake. Ni kweli, lakini si kweli yote. Miaka hiyohiyo sotoka iliangamiza ng'ombe, na ndui ikaua watu. Morani asiye na ng'ombe hana mahari wala heshima. Alilobakiwa nalo ni kumnyang'anya jirani. Ugomvi wa ndugu uliwapa watu upande wa kusimama; ufukara ukawapa mikuki. Vita vikaendelea hadi 1902.

Arabuni nako ukame uliwazoesha wafugaji kuvamiana ili kupata ngamia. Uvamizi huo waliuita ghazwa, neno la kale kuliko Uislamu. Dini mpya ilipoyaunganisha makabila, ilimkataza Mwislamu kumvamia mwenzake. Nguvu zile zikaelekea nje, ambako dola za Bizanti na Uajemi zilikuwa hoi kwa vita vyao vya 602 hadi 628. Mwaka 636 jeshi la Bizanti lilishindwa Yarmuk. Khalifa Umar akaanzisha daftari la posho, na waliotangulia kusilimu wakapata zaidi. Humo imani na riziki ziliandikwa pamoja.

Je, dini ilikuwa kisingizio tu? La hasha! Umaskini wa jangwa ulidumu karne nyingi bila kuzaa dola. Imani ndiyo iliyoleta umoja na nidhamu. Wala si kweli kwamba watu walisilimishwa kwa upanga tu: wengi katika nchi zilizotekwa walibaki na dini zao, wakalipa jizya, na kusilimu kwa walio wengi kulichukua karne kadhaa.

Mwalimu anayeridhika na jibu la "dini" pekee, au "mali" pekee, anafunza uvivu wa fikra. Kesho mwanafunzi huyo atasikia mapigano ya wafugaji yakiitwa "ya kikabila", naye hatauliza nani amekosa maji na nani amefungiwa njia ya mifugo. Kitengela, ambako malisho yanageuzwa viwanja na nyua zinaongezeka, swali hilo si la mtihani wa historia tu.